Gari la Rhamu

Msomaji, ukifika Rhamu, kando ya Mto Daua mpakani mwa Kenya na Ethiopia, utawasikia wenye magari ya Toyota Land Cruiser wakinung'unikia springi ngumu na kiu ya mafuta, wala hawayauzi. Mzazi wa magari hayo alipanda mlima Fuji, huko Japani, hadi kituo cha sita mwaka 1951. Jina lilifuata mwaka 1954.

Nami niliwacheka, hata usiku mmoja wa masika dada yangu aliposhikwa na uchungu wa uzazi, ikalazimu afikishwe Mandera. Tope lilimeza nusu ya magurudumu. Dereva hakunena neno. Alitia gia ya kwanza, gari likanguruma, likatoka. Alfajiri nikaitwa abti, yaani mjomba. Nauli hata leo dereva hataki kuipokea.