Utafiti Mbele ya Wazee wa Koboko

Utotoni mwangu Koboko, picha za wanaume waliovaa sare hazikutundikwa ukutani. Idi Amin alipinduliwa Aprili 1979, na askari wa serikali mpya ya Uganda walipofika West Nile, eneo letu na la Amin, kulipiza kisasi, picha kama hiyo ingekuponza. Mama alichoma picha zote za baba isipokuwa moja, akaishonea ndani ya mto. Tulivuka nayo mpaka kuingia Zaire.

Nilipokuja kufundisha Arua, elimu kuhusu sisi ilikuwa bado ni ya wageni. Mark Leopold alitoa Inside West Nile mwaka 2005. Kitabu kizuri, lakini wachache mjini walikiona. Nayo sanaa tuliihesabu kuwa mambo ya Kampala, ingawa mwaka 2008 Angelo Kakande wa Chuo Kikuu cha Makerere alikwisha kuandika tasnifu nzima juu ya sanaa na siasa nchini.

Kisha Agosti 2018 mwanamuziki Bobi Wine akakamatwa hapa hapa Arua wakati wa uchaguzi mdogo, na dereva wake, Yasin Kawuma, akauawa kwa risasi. Tangu hapo sikuhitaji kumweleza mwanafunzi kwamba wimbo una siasa ndani yake. Mwaka uliofuata, Jumba la Makumbusho la Uganda likaonyesha picha kutoka negativu zipatazo 70,000 zilizokutwa katika shirika la utangazaji, UBC, kazi ya wapiga picha wa serikali ya Amin.

Baadaye mtafiti mmoja kijana alikuja Koboko na projekta ya kuazima. Katika mojawapo ya picha hizo alituonyesha umati ukishangilia, akatuuliza ni nani aliyeachwa nje ya picha. Mzee mmoja akainuka. "Binti yangu, sisi wa mbele tulibebwa kwa malori tangu alfajiri. Huyo wa pili ni mimi." Mama mmoja naye akataka kujua ziko wapi picha za Ombaci, ambako raia waliokimbilia misheni waliuawa Juni 24, 1981. Ukumbi ukanyamaza. Kamera za Amin zilikwisha ondoka. Wafu wetu hawakupigwa picha na mtu. Binti yule alisema sura ya tatu ya tasnifu yake ataiandika upya. Kwangu mimi, huo ndio utafiti.

Ninyi mnaoandika tasnifu Makerere, Muni na kwingineko, zileteni Koboko kabla hazijafungwa jalada, mzisome kwa Kiswahili, Kinubi na Kikakwa. Wengi waliomo katika picha zile wamekwisha vuka miaka 70.