Kufumba na Kufumbua

Mimi nina kazi mbili. Mchana huandika programu za kompyuta. Usiku, nikipata wasaa, hutunga mashairi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi hizo hazijuani. Kosa moja lilinionyesha vingine.

Niliombwa kutengeneza kiolesura cha kuficha kumbukumbu za wagonjwa wa kituo kimoja cha afya. Kiolesura ni maneno ambayo mwandishi mmoja wa programu humpa mwenzake, ili atoe amri bila kulazimika kujua mitambo iliyo ndani. Kazi ya kwanza, basi, ni ya lugha: kuchagua vitenzi. Wataalamu wamezoea kusimba na kusimbua. Mimi nilichagua fumba na fumbua, kwa kuwa fumbo ni neno la nyumbani kwetu washairi, na kwa kuwa vitenzi hivyo vinajieleza vyenyewe, kama funga na fungua, ziba na zibua.

Ndani yake niliweka AES, njia iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikafanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Njia hii hufumba kipande kimoja chenye baiti 16, kisha kingine. Nilitabasamu: 16 ndiyo mizani ya mshororo wetu uliozoeleka, 8 za ukwapi na 8 za utao.

Swali ni jinsi vipande hivyo vinavyohusiana, na majibu yake ndiyo yaitwayo namna za utendaji. Namna nyepesi kuliko zote, ECB, hufumba kila kipande peke yake, kama beti zisizojuana. Kipande kilekile, kwa ufunguo uleule, hutoa fumbo lilelile daima. Namna ya CBC huchanganya kila kipande na fumbo la kipande kilichotangulia. Jambo hilo tunalijua: ni pindu, ambamo maneno ya mwisho ya ubeti hurudi kuuanza ubeti unaofuata. Na kwa kuwa ubeti wa kwanza hauna mtangulizi, CBC hupewa kianzio kisichotabirika, ili maneno yaleyale yakifumbwa mara mbili yasifanane.

Amri yangu ilikuwa na nafasi tatu: fumba(maandishi, ufunguo, namna). Asiyetaja namna nilimpa ECB. Nilidhani kumwachia mwenzangu uhuru wa kuchagua ni heshima.

Miezi kadhaa baadaye nililifungua jedwali la kituo. Safu ya majibu ya kipimo kimoja ilikuwa na mafumbo mawili tu, yakijirudia kutoka juu hadi chini kama vina. Jibu lilikuwa ama “ana” ama “hana”, na kila moja lilienea katika kipande kimoja. Aliyelijua jibu la mgonjwa mmoja angeyajua ya wote, bila kuugusa ufunguo.

Nilimwita kijana aliyekitumia kiolesura changu, nikiwa na hasira. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: “Kaka, sikujua kwamba kuna cha kuchagua. Hukuniuliza.”

Alisema kweli. Wahenga walinena, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling’amua. Nilikuwa nimejihadhari na mwerevu mwenye nia mbaya, nikamsahau mwenzangu mwenye nia njema na haraka ya kazi. Neno aliloliacha yeye, nilikuwa nimeshamjazia mimi, tena kwa jibu baya kuliko yote.

Nikauendea uongozi wa kituo, nikaeleza nilichokosea. Kisha nikaanza upya. Namna niliifuta katika amri. Ndani iko GCM, na hakuna anayeulizwa. Kianzio hutungwa na kiolesura chenyewe, kipya kila mara, maana katika GCM kianzio kikirudiwa kwa ufunguo uleule, siri huvuja na muhuri huweza kughushiwa. Nafasi ya tatu sasa ni ya mhusika: fumba(maandishi, ufunguo, mhusika). Namba ya mgonjwa haifichwi, lakini muhuri huifunga pamoja na jibu lake, ili jibu la mmoja lisihamishiwe kwa mwingine. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, amri hukataa. Fumbua nayo, ikikuta muhuri haulingani, haitoi hata herufi moja.

Likabaki jambo moja dogo, na hili nililigundua kwa kuhesabu mizani. “Ana” na “hana” ni mizani mbili mbili. Sikio langu liliridhika. Lakini kompyuta huhesabu herufi, nazo ni 3 na 4, na GCM haifichi urefu wa kilichofumbwa. Fumbo fupi lingesema “ana”, refu lingesema “hana”, na kazi yote ingekuwa bure. Nikayasawazisha majibu yote yawe na urefu mmoja kabla ya kuyafumba.

Watu husema “kufumba na kufumbua” kwa maana ya muda mfupi mno. Kwa kweli, kuyafumba upya majibu yote ya kituo hakukuchukua hata dakika. Yule kijana alikuwa ameketi kando yangu. Aliisoma amri mpya, akaigusa nafasi ya tatu kwa kidole, akauliza: “Hapa naweka namba ya mgonjwa?” Hakuwa na haja ya kuuliza lingine.