Theluji ya Pamba, Barabara ya Harry Thuku

Kwa miaka sita niliipita Hoteli ya Norfolk nikielekea darasani bila kuthubutu kuvuka lango lake. Barabara ya Harry Thuku si pana. Hata hivyo, umbali wa mfuko aghalabu huushinda ule wa miguu.

Desemba iliyopita mama alinitembelea kutoka Murang'a. Mabweni yalikuwa matupu, nami nilikuwa nimesalia mjini nikihangaika na sura ya tatu ya tasnifu. Alipoziona taa zikimetameta akasema, "Twende tukauone mti wa Krismasi, mwanangu. Macho hayatozwi pesa."

Mti ulikuwa umetandazwa pamba matawini mithili ya theluji. Theluji Nairobi, mwezi wa jua kali! Familia moja ya Kihindi iliwapiga watoto picha mbele yake. Meza ya jirani Kisomali kilivuma. Wazee wa Kizungu walisoma magazeti. Mhudumu alitukaribisha kwa Kiswahili cha Pwani kilichonitia haya mimi ninayejiita mwanafunzi wa lugha hiyo. Niliagiza chai ya watu wawili huku nikihesabu noti kimoyomoyo.

Hoteli hii ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1904, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa reli, nayo ikawa kituo cha burudani cha walowezi. Tarehe 16 Machi 1922, umati uliokusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku aachiliwe ulimiminiwa risasi na polisi. Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa woga wao, akawa miongoni mwa waliouawa. Inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa verandani nao walifyatua bunduki zao. Kisha, usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, watu wakiukaribisha mwaka mpya, bomu likalipuka na kuua takriban watu 20. Hoteli ilikuwa ya akina Block, familia ya Kiyahudi, na shambulio hilo likahusishwa na msaada ambao Kenya iliipa Israeli mwaka wa 1976, wakati wa uokoaji wa mateka kule Entebbe.

Haya yote nilimmwagia mama. Ndiyo kasoro yetu wasomi: hatuwezi kunywa chai bila tanbihi. Alinisikiliza hadi mwisho, kijiko mkononi.

"Nyanjiru nilimjua kabla hujazaliwa," akasema. "Nyanya yako alitusimulia habari zake tukichuma kahawa." Akaitazama barabara kwa muda mrefu. "Kumbe ni hapa."

Nilikosa la kuongeza. Akaomba maji moto zaidi, maana chai ya bei ile, alisema, haiachwi birikani.

Alipotaka picha, nilidhani atasimama kando ya mti kama wengine. La. Alikwenda ukingoni mwa veranda, akaipa mgongo barabara, akaniagiza nihakikishe imeonekana yote.