Mtani Msibani

Baba yangu alipofariki sikulia. Watu walisifu ushupavu wangu. Mimi nilijua kuwa haukuwa ushupavu, bali mwili uliofungwa. Mikono ilitetemeka, kinywa kilikauka, na kwa siku mbili chakula hakikupita kooni.

Sisi ni Wazaramo wa Kisarawe, na Wanyamwezi ni watani wetu. Utani huo ulikomaa katika misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Unyamwezi waliposhuka pwani na mizigo yao wakipita katika nchi yetu. Siku ya maziko mtani mmoja mzee alitangulia kaburini, akajilaza chali, akaapa kuwa hatoki mpaka alipwe. Kisha akakohoa kikohozi cha baba, kile cha kudai chai, akaniita jina langu kwa sauti yake. Nikacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka. Jioni nilikula, usiku nikalala.

Elimu ya mwili imenifumbulia jambo lile baadaye. Hofu na huzuni huamsha mishipa ya fahamu itayarishayo mtu kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi. Kicheko hakiutulizi moyo papo hapo, kwanza huuharakisha. Lakini achekaye hutoa pumzi kwa mfululizo, na tutoapo pumzi, mshipa uitwao vagasi, ushukao kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, huupunguzia moyo mwendo. Kicheko kikiisha, misuli hulegea.

Hata hivyo, si kila kicheko ni dawa. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi walishikwa na kicheko kisichozuilika, kilichochanganyika na kilio na wasiwasi. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na shule ikafungwa. Kicheko kilikuwapo, mzaha haukuwapo.

Naona tofauti iko hapo. Kicheko cha hofu humjia mtu akiwa hana pa kuegemea. Mzaha huletwa na mtu mwenye haki ya kuufanya. Mahali ambapo mzee aliweza kumwiga baba juu ya kaburi lake na asichukiwe, mwili wangu uliamini kuwa pana amani, ukajifungua.

Alipotoka nilimlipa shilingi alizodai. Nikiyakumbuka malipo yale leo, naona nilimpunja.