Kijiko na kampira kake

Likizo imeisha, nimerudi chuo, na leo sina umbea wa mabweni. Leo ni kijiko. Siyo cha chai jamani, teh teh! Naongelea ule mtambo wenye mkono mrefu unaochimba mitaro, ambao sisi watu wa mekaniko tunauita ekskaveta.

Swali lililonikaa kichwani ni hili: kwa nini ulichelewa hivyo? Maana kanuni yake ni ya kale. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza miaka ya 1600: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo unasambaa sawasawa kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji. Basi si wangetengeneza kijiko palepale?

Wapi! Mwaka 1839 Mmarekani William Otis alipata hataza ya kijiko cha mvuke, lakini kilivutwa kwa minyororo. Na mnyororo unajua kuvuta tu, kusukuma haujui. Mwaka 1882 kampuni ya Armstrong ikapeleka kijiko cha nguvu ya maji kwenye ujenzi wa gati za Hull, Uingereza. Hata hicho silinda zake zilikuwa zinavuta nyaya.

Kikwazo kikubwa kilikuwa kuvuja. Sili za ngozi zinachakaa, na mpira wa asili ukikaa ndani ya oili unavimba. Miaka ya 1930 Wajerumani wakaanza kutengeneza mpira wa naitrili, unaovumilia oili. Mwaka 1939 Niels Christensen, mzaliwa wa Denmaki aliyehamia Marekani, akapata hataza ya oringi, ile pete ya mpira kila fundi anaijua. Vita Kuu ya Pili ikaingiza vitu hivi kwenye ndege kwa wingi. Vita ilipoisha, ona kasi: 1948 ndugu Carlo na Mario Bruneri wa Italia wakatoa kijiko chao, 1951 Poclain ya Ufaransa, 1954 Demag ya Ujerumani na B504 inayogeuka duara zima. Wazo lilisubiri miaka karibu mia tatu, halafu ndani ya miaka sita mambo yakawa yameiva!

Piga hesabu kidogo. Tairi ya gari dogo ina mgandamizo wa kama bar 2. Kijiko cha leo kinafika bar 350. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 12 hapo inasukuma karibu tani 40, na oili yote hiyo inazuiwa na kampira tu.

Haya, sasa kwetu Endabash, Karatu. Lambo la ng'ombe lilijaa tope, kwa sababu kila mvua inashusha udongo wa mlimani. Mwezi wa tisa watu wakachanga, wakakodi kijiko. Siku mbili kikala kazi ambayo kwa sururu na makarai ni mwezi mzima. Siku ya tatu oili ikachuruzika, mkono ukalala chini taratibu kama mtu aliyesinzia. Opereta akasema, "Sili imekufa." Saizi ile haikupatikana Karatu, mtu akapanda basi kwenda Arusha. Siku nane tunaangalia mawingu ya vuli, na hela ya kukodi inaliwa.

Babu mmoja jirani akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe si ndiye msomi wa mashine? Dude lote hili linashindwa na kampira?" Nikamsimulia haya niliyowaandikia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mlipochanga kijiko mngechanga na mpira."

Wadau, mzee kamaliza. Sisi darasani tunaota kubuni mitambo mikubwa, sawa, tuote. Lakini vijiji vinavyotegemea kijiko kwa malambo na barabara vinahitaji fundi wa sili na mipira ya oili jirani, mwenye stoo yenye saizi zote. Duka la namna hiyo halina sifa, halipigwi picha. Ila lingetupa siku nane kabla ya mvua.

Nani yupo tayari kulifungua? Mimi nimeshaanza kuorodhesha saizi. Tuonane kafeteria.