Matanga ya Kichaka

Kwetu Newala mtu akifa, watu wanajua la kufanya. Vijana wanabeba majembe kwenda makaburini, mikeka inatandikwa uani, unga na mihogo inatoka nyumba hadi nyumba bila kuombwa, na usiku watu wanalala msibani. Ikifika arobaini mali inatajwa, madeni yanatajwa, na mwenye neno lake na marehemu analisema mbele ya watu. Mjomba wangu wa Makote alipofariki, yote hayo yalifanyika, tena kwa heshima. Kilichotukwamisha ni vitu vilivyokuwa kwenye uchaga wa jiko lake.

Vilishushwa vikiwa vyeusi kwa masizi. Bunda la kamba, nyingine za magome ya miti, nyingine za katani iliyofumuliwa kutoka kwenye magunia. Mitambo ya mitego, ile miti myembamba iliyokaushwa ikiwa tayari imepinda. Wavu mzito wa kuwindia nguruwe pori. Migono miwili ya kutegea samaki, mmoja umetoboka ubavuni. Mkuki uliopoteza mpini. Pembe ya kutilia baruti, maana gobore lenyewe alikuwa amelisalimisha serikalini miaka mingi kabla, kwa hiari yake, na pembe haikudaiwa na mtu. Kwa utaratibu wa wazee wetu, ukoo unafuata upande wa mama, na vitu vya mjomba vya namna hii huenda kwa mpwa. Wanawe hawakubisha. Shamba la mikorosho lilichukua mchana mzima kuzungumzwa. Vitu vya uchagani havikuchukua hata muda wa kunywa chai. Nikapewa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza kwamba siku ile tulifanya nusu ya msiba. Tulimzika mtu tukamlilia, tukaanua tanga. Lakini ile kazi aliyoijua ilikuwa na mwenzake, nacho ni kichaka, na kichaka kilikufa kabla yake bila mtu yeyote kutandika mkeka.

Asiyezijua sehemu hizi inabidi aelezwe kilivyokuwa. Uwanda wetu wa Makonde ni nchi ya mchanga. Mvua inanyesha vizuri tu, ila maji yanazama, na huko juu hakuna mto. Hadi mradi wa maji ulipojengwa miaka ya 1950 na maji yakaanza kusukumwa kutoka bonde la Mitema, bibi zetu walishuka genge kwenda chemchemi na kupanda tena na mitungi kichwani. Kilichokuwapo juu ni vichaka, vimesongamana kiasi kwamba mtu aliyesimama hatua chache ndani haonekani. Wazee walivipenda kwa sababu hiyo. Wakati Magwangwara, yaani Wangoni, walipozishambulia nchi hizi, wakaipiga hata misheni ya Masasi mwaka 1882, wa uwandani walikuwa na mahali pa kujificha. Kichaka kilimficha babu, kikamlisha ming'oko, viazi vya porini, miezi ya njaa, kikamfugia paa, funo, nsya, kanga na panya. Na kila kichaka kilikuwa na jina, mara nyingi jina la mtu aliyekuwa na haki ya kutega humo.

Mjomba alitufundisha kutega kwa kutuchosha kwanza. Asubuhi nzima tulitembea nyuma yake bila kugusa kitu, yeye akitazama chini. Nsya ni mnyama wa mazoea. Anapita njia ileile mpaka majani yanalala, na mahali anapopenda kuvuka anaacha upenyo mdogo chini ya matawi. Hapo ndipo mjomba alipochimba kishimo kifupi. Mtambo ulikitwa pembeni, ukavutwa mpaka ncha yake ikakaribia ardhi, kamba ikafungwa, kitanzi kikalazwa juu ya vijiti vyembamba na kufunikwa majani makavu. Kijiti kinachozuia mtambo usifyatuke kilikuwa kidogo kuliko kidole cha mtoto, na ndicho alichokichonga kwa uangalifu kuliko vyote. Kikibana sana, mnyama anapita salama; kikilegea, upepo unafyatua mtego na kazi yote inapotea. Kabla ya kushika kamba alipondaponda majani mabichi akajipaka viganjani. Alipomaliza alinyunyiza unga wa mtama chini ya mti, akawataja wakubwa waliotega pale kabla yake, sauti ya chini, kama mtu anayeomba kupita uani kwa jirani.

“Usikanyage hapo, mjomba,” aliniambia, maana kwetu mjomba humwita mpwa wake mjomba vilevile. “Ukikanyaga hapo umemwambia kila kitu.”

Kazi haikuishia porini. Nyumba iliyoamka na ugomvi haikutuma mtu mtegoni. Mjomba alirudisha kamba uchagani na kulima siku hiyo. Nyama ilipopatikana, paja la kwanza lilikwenda kwa bibi, mama yake mzazi, hata kama meno yalikuwa yamemwisha na ilibidi apondewe. Nguruwe pori waliokuwa wakila mihogo walikuwa habari nyingine. Wao waliwindwa na ukoo mzima, wavu umetandazwa, mbwa na watoto wakipiga kelele upande wa pili. Sisi wa Newala wengi wetu ni Waislamu, hatumli nguruwe. Nyama yake ilifuatwa na ndugu zetu wa upande wa Masasi waliobatizwa, na siku hiyo hakuna aliyemwona mwenzake amekosea.

Panya ndio waliokuwa wetu sisi watoto. Baada ya mavuno, mashamba yakikauka, tulitoka na majembe na mbwa mmoja mwenye subira. Mama mdogo alitia moshi kwenye tundu moja, sisi tukikaa kwenye matundu mengine. Watu wa kwetu wanawaita samaki nchanga, na ukiwaona wamebanikwa, wamepangwa kwenye kijiti, wamekolea chumvi, utaelewa kwa nini mgeni wa heshima aliwekewa hao badala ya kuku. Wapo wanaosikia haya na kukunja uso. Nawaambia tu kwamba huo ndio uwindaji pekee ambao wanawake, watoto na wazee walifanya pamoja kwa zana zilezile za shamba, na ndio pekee uliobaki hai hadi leo.

Samaki wenyewe, wa majini, walihitaji safari. Ukisimama ukingoni mwa Newala, pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu, na chini kabisa linaonekana bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Tuliondoka alfajiri na kufika jua likizama. Walioshuka walikuwa familia: mjomba na migono yake, mama zangu na matenga, watoto na sufuria, mzee mmoja wa kukaa na moto. Kiangazi mto hupungua ukaacha mchanga mpana na vidimbwi hapa na pale. Wanaume walijenga wando wa fito mahali maji yanapobanwa, wakaacha milango, na kila mlangoni wakalaza mgono, mdomo umeelekea wanakotokea samaki. Mgono ni kifaa cha kusifiwa. Vijiti vya ndani vimeelekezwa mbele vikakutana, kwa hiyo kambale anaviachanisha kwa kichwa akiingia, na akitaka kurudi anakutana na ncha. Hauna chambo, hauna mlinzi, unafanya kazi watu wakiwa wamelala. Mama zangu waliingia vidimbwini kwa mstari, matenga mbele, wakiimba kwa kupokezana, perege wakirukia ukingoni. Hakuna aliyeingia maji mazito. Ruvuma ina mamba, na mjomba alikuwa na desturi ya kukaa kimya kwa muda mrefu akiyatazama maji kabla ya kumruhusu mtoto kunawa miguu.

Zamani zaidi ulitumika utupa, majani yaliyopondwa na kutiwa kidimbwini mpaka samaki wakaelea. Mjomba hakuupenda, wala hakungoja sheria imkataze. Alisema utupa hauchagui: unakupa wa leo pamoja na watoto wao. Lakini alikumbuka pia miaka ambayo hawakuweza kabisa kushuka. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, mto uliokuwa wa ndugu wa pande mbili ukawa mpaka wa kuogopwa, na migono ya miaka ile ilioza uchagani. Vita vilipokwisha walishuka tena. Ndiyo maana naamini ujuzi unaweza kulala muda mrefu na kuamka, maadamu mto upo na wanaoujua wapo.

Kichaka hakikupata bahati hiyo. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa kwa mistari, na mwenye njia yake ya mitego akajikuta anakaa mbali nayo. Kisha korosho. Bei zilipopanda, na dawa ya salfa ikawezesha mikorosho kushinda ubwiriunga, hakuna mtu mwenye akili ambaye angeacha kichaka kisimame pale panapoweza kusimama mkorosho. Sheria nayo ilibana: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza mitego ya namna ile, na anayetaka kuwinda atafute leseni. Mapori ya akiba yapo, Msanjesi na Lukwika-Lumesule, na mwenye fedha hulipia akawinda. Sina ugomvi na kulindwa kwa wanyama. Kinachoniuma ni kwamba aliyemjua nsya kwa unyayo wake, akawataja wazee wake kabla ya kumtega, ameingia kwenye kitabu cha sheria kwa jina moja tu, jangili.

Na mikorosho nisiiseme vibaya. Ada yangu ya shule ilitoka humo, ya dada zangu pia. Mjomba mwenyewe alifyeka kichaka alichorithi, kile chenye njia nzuri kuliko zote, akapanda. Nilikuwapo, nilishika panga. Tulifanya kazi tukicheka, kwa sababu kufyeka shamba jipya ni furaha; na sasa nikikumbuka kicheko kile, nadhani ndicho kilichoufanya msiba huu ukose matanga. Hakuna aliyetupokonya. Tulikiuza kidogokidogo, kwa sababu njema, na mtu haliliwi na watu wanaosherehekea.

Kuna mahali pengine ambapo vitu kama hivi vimehifadhiwa vizuri sana. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa Masasi na Newala, wakati vita vya Maji Maji vikiwa vimeacha majivu ya moto. Alikusanya vitu vya watu, akavipeleka kwao, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 kina michoro ya mitego ya huku, mpaka wa panya. Nimeitazama michoro hiyo. Ni mizuri, ina kamba na mtambo na kitanzi, kila kimoja mahali pake. Lakini mtego uliochorwa umetegwa pasipo na njia. Huwezi kujua nsya alikuwa anatoka wapi, wala nani aliamka na hasira asubuhi hiyo, wala jina gani lilitajwa juu ya unga. Dada yangu alishauri nivipeleke vitu vya mjomba makumbusho, watu waje wavione. Nimemwelewa, ila sijavipeleka.

Nilichofanya ni kidogo. Mwaka huu, mvua za mwisho zilipokatika, niliwaomba mama na mama mdogo tukae siku moja pale shambani, chini ya mikorosho, na kuzungumza habari za kichaka kile kama watu wanavyozungumza habari za marehemu. Nilipika chai, nikapeleka mihogo na panya wa kubanika walionunuliwa Masasi. Niliogopa wataona jambo la kipuuzi. Mama mdogo alitandika khanga yake, akaanza bila kuulizwa: hapa palikuwa na mti wa kutambikia, pale kanga walitaga, huku ilikatazwa kutega kwa sababu ya kaburi la mtoto. Niliandika majina. Mengi sikuwahi kuyasikia, na moja lilikuwa jina langu, la mtu niliyerithi jina lake bila kujua kwamba alikuwa mtegaji.

Walipofika kwenye njia ya nsya wakatofautiana. Mama anasema ilipita magharibi ya ule mwembe mkubwa ikateremkia kwenye mchanga mwekundu. Mama mdogo anasema mwembe wenyewe haukuwapo wakati huo, na njia ilipita mashariki, ndiyo maana mjomba alitegea pale kila mwaka. Walipandisha sauti, wakasimama, wakaanza kupima kwa hatua kati ya mikorosho, kila mmoja upande wake. Daftari langu lina mistari miwili mahali hapo. Wametaka aitwe mzee mmoja wa Kitangari aliyekuwa akienda na mjomba, aje aseme yeye, na wamekubaliana kwamba chakula cha siku hiyo kitakuwa juu yangu.