Njiwa, Kunguru na Mbwa wa Mlangoni



Mtu aliyepatwa na hasara huambiwa na wenziwe, "Subiri, Mungu yupo." Maneno hayo ni ya haki, wala hapana Mwislamu wa kuyakataa. Lakini subira haiji kwa kutajwa tu. Mtu huamka alfajiri akasali, kisha jua likachomoza naye hajui la kufanya mpaka adhuhuri, na hapo ndipo kukata tamaa hupata nafasi ya kuingia. Nataka nikueleze jinsi nilivyopata kituo cha moyo kwa viumbe ambao watu wa mjini hawawahesabu kuwa kitu: ndege wa sokoni na mbwa koko.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua. Jengo lile lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na kwa zaidi ya miaka 40 maelfu ya watu walipata riziki chini ya paa lake lenye umbo la miavuli. Mali yangu ya nafaka ilikuwa mle, na nusu yake ni ya mkopo. Kulipokucha sikuwa na kitu ila deni. Wenzangu walikwenda kutafuta nafasi katika masoko mengine. Mimi nilikaa barazani nikihesabu nisichokuwa nacho.

Siku zile nikawatazama njiwa. Wao na mashomoro walikuwa wakila chenga za mchele na punje za mahindi zilizomwagika milangoni mwa soko tulipokuwa tukifungua magunia. Moto uliwakatia riziki kama ulivyonikatia mimi. Hazikupita siku nyingi nikawaona wametawanyika Mtaa wa Swahili, Mkunguni na Tandamti, wakiokota mbele ya maduka na chini ya mikokoteni. Mtume wetu (S.A.W.) ametupigia mfano wa ndege ambao hutoka asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba, na mfano huo wahubiri wetu huutaja kila wanapozungumzia tawakuli. Lakini wenye elimu hutuzindua pia juu ya neno moja lililomo: ndege hutoka. Riziki yake haikuletwa kiotani. Jambo hili nililisikia msikitini tangu utotoni, likapita kama upepo. Nililielewa barazani, nikiwa na deni. Juma la pili nilichukua kikapu na mizani ya kuazima, nikaanza kuuza mchele kilo moja moja kando ya njia.

Usidhani, msomaji, kwamba nawasifu ndege wote. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, wanaotupigia kelele tangu alfajiri, si wenyeji wa pwani yetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, kisha wakaenea mpaka bara, na sasa hula mayai na makinda ya ndege wengine. Wametegwa, wametiliwa sumu, na bado wapo. Kunguru ni mmoja wa wanyama watano walioruhusiwa kuuawa hata na mtu aliye katika ihramu, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mshambuliaji. Na bado ni kunguru aliyeletwa na Mwenyezi Mungu amfundishe mwana wa Adamu namna ya kumsitiri nduguye aliyemwua!

Tazama hapo vizuri: ametajwa mbwa mshambuliaji. Hawakutajwa mbwa wote.

Mbwa wangu alikuja mwaka uleule. Alikuwa jike, mguu mmoja umevunjika ukaunga vibaya, akilala uvunguni mwa mkokoteni nje ya mlango wetu wa uwani. Watoto walimpiga mawe. Nilikuwa silali kwa mawazo, naye halali kwa maumivu, nikamwekea maji katika kifuu cha nazi, na kesho yake ukoko wa wali. Baada ya mwezi hakuna mgeni aliyekaribia mlango ule usiku bila ya sisi kujua.

Jirani yangu, mtu mzima na mcha Mungu, alinijia. "Mwanangu, mbwa ni najisi, na malaika hawaingii nyumba yenye mbwa."

"Ni kweli, mzee wangu," nikamwambia. "Ndiyo maana hajavuka kizingiti."

Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, kilichoguswa na unyevu wa mbwa hukiosha mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik humwona mbwa aliye hai kuwa ni tohara. Lakini hii ni hukumu ya kuosha chombo na nguo. Ni nani aliyeifanya hukumu ya kuvunja miguu? Kumfuga bila haja hupunguza thawabu za mtu kila siku, hilo limepokewa. Lakini mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametolewa katika katazo, na wanazuoni wa Kishafii wakakisia humo ulinzi wa nyumba. Na yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, alisamehewa madhambi yake kwa maji hayo.

Utaniuliza, mbwa kilema atampaje mtu matumaini? Mwenye deni hujiona hana ila cha kudaiwa. Kila mlango anaopita anadaiwa, hata salamu huzikwepa. Mbele ya mnyama yule nilikuwa bado mtu mwenye cha kutoa, ijapokuwa ni ukoko. Nilikwenda kazini asubuhi nikijua kuna riziki ya mwingine iliyopitishwa mkononi mwangu. Deni lilinichukua miaka miwili na zaidi kulimaliza.

Ila ukimchukua mbwa, mchanje kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile akachomwe sindano, kwa maana dalili za ugonjwa huo zikishatokea ni nadra mno mtu kupona. Huruma isiyojali jambo hili itawaua watoto wa jirani.

Jirani yangu hajabadili rai yake, wala sikumtaka aibadili. Lakini Idi ya Kuchinja iliyopita mjukuu wake aligonga mlango wa uwani akiwa na mfuko wa mifupa. "Babu kasema ni ya mlinzi," akaniambia, akaurusha kwa mbali, akakimbia.